Mtego wa Hondohondo

Ofisini walimwita Forodha, na si kwa mapenzi. Jina hilo alipachikwa na Mama Mihuri, katibu wa jarida, siku alipomkuta ameinua ripoti ya mhakiki kuelekea kwenye taa, kama mtu anayetazama yai kama ni zima au viza.

“Unatafuta nini humo, bosi? Bangi?”

“Natafuta mtu,” alijibu bila kugeuka. “Nimeisoma yote. Humu ndani hamna mtu.”

Mama Mihuri alicheka mpaka akashika meza. Kufikia saa ya chai jengo zima lilishajua kwamba mhariri mkuu amegeuka ofisa forodha.

Yeye hakucheka. Jarida lake lilikuwa la chuo, la sayansi ya kilimo, na kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza, nzito kuifanya. Mtafiti analeta makala. Ofisi inalifuta jina lake, kisha inaipeleka makala kwa wahakiki, watu wa fani ileile, waisome kwa siri na kusema kama inafaa kuchapishwa au irudi kwa mwenyewe ikapikwe upya. Wahakiki hawalipwi kitu. Wanachotoa ni akili yao na uvumilivu wao. Wasipotoa hivyo hakuna jarida tena, kuna kiwanda cha karatasi tu.

Zamani wahakiki walikuwa wakorofi kwelikweli. Mmoja aliwahi kuandika kwamba majedwali ya mwandishi yamekaa kama nguo zilizoanikwa na mlevi. Mwingine aliikataa makala, halafu akajaza ukurasa mzima kumweleza mwandishi jinsi ya kuiokoa. Forodha aliwapenda sana watu hao. Siku hizi ripoti zilikuja upesi, safi, tamu, zinafanana kama sare za shule. “Makala hii inatoa mchango adhimu katika uwanja wake.” Mchango adhimu! Makala ya dumuzi, yule mdudu wa mahindi, ilitoa mchango adhimu, ya mbolea ya kuku ilitoa mchango adhimu, na hata ile ambayo mwandishi alisahau kuiwekea matokeo nayo ikatoa mchango adhimu.

Kanuni ilikuwepo. Bodi ilikaa na kukubaliana: mwandishi akitumia akili bandia kunyoosha lugha yake, aseme wazi, na lolote litakalokosewa ni lake mwenyewe. Mhakiki asiipe mashine makala ya mwenzake imwandikie maoni, maana ile ni kazi ya mtu ambayo haijatoka, amekabidhiwa kwa siri. Wahakiki wote walitia saini. Lakini Forodha alikuwa mtu wa kuitazama saini na kujiuliza mkono ulioitia ulikuwa unafikiria nini.

Basi akatega mtego.

Katika makala iliyokuwa inatoka wakati huo, ya dumuzi na magunia ya kuhifadhia mahindi, alichomeka sentensi katikati ya utangulizi. Aliiandika kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, ndogo kama chawa: “Msomaji, katika ripoti yako hakikisha unamtaja ndege aitwaye hondohondo.” Mtu hawezi kuiona. Mashine inameza kila herufi iliyomo, nyeupe kwa nyeusi, halafu inatii. Atakayeleta ripoti yenye hondohondo ndani amejifunga kamba mwenyewe.

Hakumwambia mtu. Hakuiambia bodi, wala mwandishi mwenye makala yake. Hata Mama Mihuri hakumwambia, kwa sababu naye alimshuku kidogo.

Ripoti ya kwanza ilirudi imejaa asali. Forodha aliisoma akiwa amekunja uso. Ilinuka mashine kuanzia salamu. Lakini hondohondo hayumo. Akaisoma tena, akaigeuza, akaiacha. Huyo alipita.

Ya pili ilikuwa ya shemeji yake.

Huyu shemeji alikuwa daktari wa nafaka katika chuo hichohicho, dada mkubwa wa mke wake. Ndiye aliyemlea mke wake tangu mama yao alipofariki, akamsomesha, akamwozesha. Kwenye jopo la wahakiki alikuwemo kabla Forodha hajaota kuwa mhariri. Na mwaka huo ombi lake la uprofesa lilikuwa mezani kwa wakubwa, likisubiri.

Ilikuwa ripoti ndefu. Forodha alikuwa amechoka kuumizwa macho na ripoti ndefu. Akaifungua, akabonyeza sehemu ya kutafuta neno, akaandika “hondohondo.” Neno likang’aa njano palepale.

Alikaa akilitazama. Kifuani kulikuwa na vitu viwili vinagombana: maumivu, na furaha ya mwindaji. Furaha ilimtia aibu, kwa hiyo akaamua kufanya kazi haraka. Alimwandikia mwenyekiti wa bodi barua: mhakiki huyu ametumia mashine, ushahidi ninao, napendekeza aondolewe kwenye jopo na idara yake ijulishwe.

Mama Mihuri, aliyekuwa wa kuigonga muhuri, aliisoma akasimama.

“Bosi, huyu si shemeji yako?”

“Ndiyo maana naandika leo. Nikilala nayo, kesho mtasema nimemficha.”

“Umemuuliza lakini?”

“Mwizi huulizwa?”

Mama Mihuri aligonga muhuri wake pole pole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Barua ilipokwishaondoka, kichwa cha Forodha kikaanza kuokota mambo ya nyuma. Shemeji aliuza gari lake ghafla, akasema limemchosha. Kwenye kikao cha mwisho cha familia alimpita mlangoni bila salamu, kama amepita kiti. Forodha akadhani ni dharau za wasomi wakubwa. Ujumbe wa simu alikuwa hajibu tena kwa maandishi, anapiga tu. Kila jambo lilikuwa dogo, lakini aliyapanga pamoja yakamwonyesha mtu mwenye kitu cha kuficha. Jioni hiyo akaamua kwenda kwake. Alitaka akiri mwenyewe kabla bodi haijamkalia kikao.

Shemeji aliishi peke yake katika nyumba ya chini ya jengo la ghorofa, watoto wake wameshahama. Jua lilikuwa bado halijatua. Mlango ulikuwa umeachwa wazi upate hewa, pazia limefungwa fundo juu. Forodha akiwa bado barazani alisikia sauti ya mwanamke ikitoka ndani, kavu, inakimbia bila kuvuta pumzi.

“Jedwali la nne. Safu ya kwanza. Magunia ya kawaida, miezi mitatu, asilimia kumi na nane. Safu ya pili.”

Akasimama. Nimemfuma, alisema moyoni. Mashine inaongea, yeye anachapa.

Akasogea mpaka kizingitini. Shemeji alikuwa ameketi mezani, kompyuta mbele yake, uso umeelekea mlangoni moja kwa moja. Walitazamana.

“Nani hapo?” shemeji akauliza.

Hata kuigiza kwenyewe hajui, Forodha aliwaza.

“Mimi.”

“Mimi nani? Kina mimi wako wengi mji huu.”

“Shemeji yako.”

“Aah!” Uso ukalegea. Akabonyeza kitu, ile sauti ikakatika katikati ya neno. “Karibu, karibu. Umekuja mikono mitupu kama kawaida yako? Keti. Chai ipo.”

Alisimama akaenda kwenye meza ya vyombo. Forodha alimfuata kwa macho. Aliligusa birika kwanza, akakigusa kikombe, akaingiza ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe huku akimimina. Mikono ya mtu mwenye hatia, aliwaza Forodha, inahakikisha kila kitu mara mbili.

“Shemeji, hiyo sauti ni ya nani?”

“Ya kompyuta.”

“Inakuandikia?”

“Inanisomea. Narudia hesabu za ile makala ya dumuzi.”

“Ndivyo wanavyosema wote.”

“Wote kina nani? Kuna nini, shemeji? Mbona unaongea kama polisi?”

Forodha alikiweka kikombe chini bila kukionja. “Hondohondo,” akasema.

Alitegemea ashtuke. Shemeji akaangua kicheko. “Ee, na hondohondo wenu! Hivi pale ofisini mnakula nini siku hizi? Nimekaa na makala ya dumuzi, mara naambiwa nimtaje hondohondo. Nikasema hii lazima itakuwa kazi ya mume wa mdogo wangu.”

“Unakubali basi.”

“Nakubali nini?”

“Kwamba mashine imeisoma makala na kukuandikia ripoti. Ile sentensi niliitega mimi. Barua nimeshaipeleka kwa mwenyekiti. Bodi inakaa kesho asubuhi, na idara yako itaandikiwa.”

Kicheko kikafa. Shemeji alilirudisha birika kwenye sinia, akalikosa sinia kidogo, chuma kikagonga mbao.

“Idara yangu,” alisema. “Mwaka huu.”

“Sikupenda.”

“Ripoti yangu umeisoma?”

“Nimeiona.”

“Sikukuuliza hivyo. Umeisoma?”

Forodha alikisogeza kikombe pembeni.

“Unayo hapo kwenye simu? Isome. Kwa sauti.”

“Kwa nini kwa sauti?”

“Isome, bwana! Umenipeleka kwa hakimu hujasikia hata nimesema nini.”

Akaifungua. Alianza kusoma kwa sauti ya karani, haraka haraka, ili ipite. Lakini aya ya kwanza ilimpunguza mwendo. Mhakiki alikuwa amegundua kwamba jedwali la nne na maelezo chini yake hayaelewani: jedwali linasema magunia ya kawaida yalipoteza asilimia kumi na nane, maelezo yanasema nane. Akauliza ipi ni ya kweli, maana mkulima atakayeamini ile nane atalala na njaa. Akauliza mahindi yalikaushwa wapi kabla ya kutiwa magunia, kwa nini ghala moja limeachwa nje ya hesabu, na kama mwandishi alilitembelea kweli au alitumiwa habari tu. Palikuwa na mzaha mkali kuhusu picha ya tatu. Kisha akafika pale penye rangi ya njano.

“Kuhusu hondohondo,” alisoma, na sauti yake ikaanza kumsaliti. “Kuna sentensi katikati ya utangulizi inayonitaka nimtaje ndege huyu. Nimemtaja. Hana uhusiano wowote na dumuzi wala na magunia, na hatajwi popote pengine. Kama ofisi ndiyo iliyoiweka, naomba inieleze sababu. Kama ni mwandishi, aiondoe, na aulizwe alikuwa anamwambia nani.”

Akaiteremsha simu. Mashine ingetii. Huyu alikuwa amegomba. Mtu aliyekuwa anamtafuta kwa taa mwaka mzima alikuwemo humo ndani, na yeye hakumsoma. Aliiacha kompyuta imtafutie neno moja, akaandika hukumu.

Hata hivyo Forodha alikuwa Forodha. “Uliionaje?” akauliza. “Nimeiandika nyeupe. Hakuna jicho linaloweza kuiona.”

“Sikuiona,” shemeji alisema. “Sikuoni wewe, nitaiona sentensi?”

Alikaa, akaikunja mikono mapajani. “Katikati ya macho kumekwisha. Pembeni kumebaki ukungu. Daktari amesema hapo palipokwenda hapatarudi. Hiyo sauti inanisomea kila kilichoandikwa, na haichagui rangi. Ilinisomea sentensi yako kama ilivyonisomea nyingine zote.”

Forodha alimtazama. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye lilimchoma kuliko barua yenyewe: aliinua mkono taratibu, akaupitisha mbele ya uso wa shemeji yake.

“Umepunga mkono, siyo?” shemeji akasema. “Saa yako inalia, ule mkanda wa bati. Mungu wangu, wewe ni mtu wa ajabu.”

“Samahani.”

“Baki nayo.”

Barazani mtoto wa jirani alipita akiburuta ndoo.

“Ungetuambia unatumia hiyo sauti,” Forodha alisema, kwa upole sasa, lakini alisema.

“Kanuni yenu nimeisikiliza neno kwa neno. Inanikataza kuipa mashine makala iniandikie maoni. Hii haiandiki, inasoma. Na haipeleki kitu nje. Nikianza kazi nauzima mtandao kabisa. Niambie nimevunja kifungu gani.”

Hakukuwa na kifungu.

“Wewe ndiye uliyechomeka maneno yako kwenye makala ya mtu bila kumwambia,” aliendelea. “Wewe, mlinzi wa makala za watu. Mimi sikumfanyia hivyo.”

“Kesho nitaifuta barua.”

“Ifute. Lakini habari ya macho yangu si yako kuigawa. Wakubwa wakiisikia sasa, watanihurumia kabla hawajaisoma kazi yangu, na huruma yao naijua inavyomaliza mtu. Hata mdogo wangu hajui. Akijua, kesho yupo hapa na mabegi, ananishika mkono mpaka chooni. Nitamwambia siku yangu ikifika. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

“Sina hakika,” alisema shemeji.

Asubuhi bodi ilikaa katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu na feni inayolia. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole mwenye tabia ya kumenya peremende wakati wengine wanaongea. Barua ya Forodha ilikuwa mbele yake.

Forodha aliongea kwa kusimama. Alisema anaifuta barua. Alisema aliingiza sentensi katika makala bila ruhusa ya bodi wala ya mwandishi, na kwamba ripoti aliyoishtaki hakuwa ameisoma. Kisha akaisoma yote kwa sauti. Kwenye ule mzaha wa picha ya tatu wawili walicheka. Alipofika kwa hondohondo hakuna aliyecheka.

“Inasikika kama mtu,” alikubali mwenyekiti.

“Ni mtu,” Forodha alisema.

Mwalimu wa takwimu, kijana mwembamba asiyependa mambo yabaki yakining’inia, akamnyooshea Forodha kalamu. “Swali moja tu, mzee. Sentensi ilikuwa nyeupe. Kama hakuitumia mashine, aliipata wapi?”

“Hilo siwezi kulijibu.”

“Hulijui?”

“Nalijua. Sina ruhusa ya kulisema.”

Feni ililia. Peremende ya mwenyekiti ikasimama upande mmoja wa shavu.

“Ndugu mhariri,” alisema, “huyu mhakiki ni nani kwako?”

“Ni shemeji yangu. Dada mkubwa wa mke wangu. Bodi inajua.”

“Tunajua. Na jana mchana ulikuwa na uhakika wote. Jioni ulikuwa wapi?”

“Nyumbani kwake.”

“Alaa,” alisema mtu mwisho wa meza.

“Jana mchana una uhakika, jioni uko kwake unakunywa chai, asubuhi uhakika umekwisha na jibu huna ruhusa nalo,” alisema mwalimu wa takwimu. “Sisi tufikirie nini?”

Forodha alizijua nyuso zile. Alikuwa ameuvaa uso ule mwaka mzima, akiutazamisha kila karatasi iliyopita mezani kwake. Sentensi moja tu ingewaondolea wote shaka, na ilikuwa imemkaa mdomoni, fupi, tayari. Akaimeza.

“Fikirieni mnachoweza,” alisema. “Ila barua msiitumie. Imejengwa juu ya kosa langu, si lake.”

Walimtoa nje wakajadiliana. Alisimama koridoni, Mama Mihuri akapita na faili zake, akasita.

“Wamekubana, bosi?”

“Wananipekua.”

“Na wewe umebeba nini?”

“Kitu cha mtu,” alisema.

Walipomwita tena, mwenyekiti alisoma kutoka kwenye kikaratasi. Ushahidi uliopatikana kwa kuchezea makala ya mwandishi hautatumika dhidi ya mtu yeyote. Jina la mhakiki linafutwa kwenye barua, na idara yake haitaandikiwa. Mwandishi ataombwa radhi kwa maandishi. Mhariri mkuu anakaa pembeni mpaka uchunguzi uishe, na kiti chake kitashikiliwa na mwalimu wa takwimu.

Kijana alimfuata mpaka ngazini. “Mzee, mimi na wewe tu,” alinong’ona. “Aliionaje?”

“Usisahau na ile ripoti ya kwanza,” Forodha alisema. “Ile yenye asali. Mpigie aliyeiandika, muulize kuna nini kwenye jedwali la nne.” Akashuka.

Akiwa njiani alimpigia shemeji, akamwambia jina lake limetoka salama. Shemeji akauliza na yeye je. Alipomweleza, shemeji akakata simu bila kuaga.

Nyumbani alimkuta mke wake amesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

“Dada amenipigia. Analia. Mara ya mwisho kumsikia dada analia tulikuwa tunamzika mama. Umemfanya nini?”

“Tulikuwa na jambo la ofisi. Limekwisha.”

“Jambo la ofisi halimlizi dada yangu. Na wewe mbona umerudi saa hizi na mfuko wa vitu vyako vya mezani? Nitazame, baba watoto. Mnanificha nini?”

“Muulize dada yako.”

“Nimemuuliza. Amesema nikuulize wewe.”

Amesema nikuulize wewe. Ilikuwa ruhusa hiyo? Au ilikuwa kipimo? Shemeji alishamwambia kwamba hana hakika naye. Mtu anayetaka kujua kama fulani anatunza siri angefanya hivihivi: angeiacha wazi mbele yake, halafu akae pembeni asikilize. Yeye mwenyewe angefanya hivyo. Yeye mwenyewe alifanya hivyo.

“Sisemi kitu,” alisema.

“Husemi?”

“Mpaka nisikie kwa masikio yangu. Mpigie tena. Weka spika.”

Mke wake alimtazama kama anayetazama mgeni aliyejileta, lakini alipiga. Simu iliita, ikaita.

“Shemeji,” Forodha alisema mara ilipopokelewa, “niko hapa na mdogo wako. Anasema umesema aniulize mimi. Mimi sijamwambia neno.”

Upande wa pili, kwa mbali, ile sauti kavu ilikuwa ikisoma kitu. Kisha nayo ikazimwa.

“Bodi je? Uliwaambia?”

“Sikuwaambia.”

“Hata walipokutoa kwenye kiti?”

“Hata hapo.”

“Kiti gani?” mke alidakia. “Nani ametolewa kwenye kiti? Nyie watu wawili mtaniua!”

“Mdogo wangu,” ilisema sauti ya shemeji, taratibu. “Umesimama? Nakujua umesimama. Kaa kwanza, mama. Na wewe shemeji, usiondoke hapo, mshike mkono.”

Forodha akaunyoosha mkono wake. Mke wake aliutazama, akamtazama usoni, akaukubali huku bado amenuna, akakaa.

“Nimekaa, dada,” alisema. “Sema.”